Mwiko Mmoja

Ukimwona mtu anaingia mahali, iwe ni benki, kanisani au kwenye harusi, na kabla hajatafuta kiti macho yake yanatafuta mlango wa choo, mpishe kwa upole. Huyo ni ndugu yangu. Tuko wengi kuliko mnavyodhani, ila ugonjwa wetu hauna heshima ya kusimuliwa. Mwenye malaria atakueleza homa ilivyompanda mpaka akaongea na ukuta. Aliyevunjika mguu anakuonyesha plasta uandike jina lako. Sisi wa tumbo tunasema "sijisikii vizuri" halafu tunakimbia.

Sasa nimepata nafuu ya kukaa kitini na kuandika, na ninaandika kwa ajili ya yule ambaye ndiyo kwanza anaanza. Sitaeleza utumbo unavyofanya kazi, maana hata nilipoelezwa mimi sikuelewa. Nataka kusema jambo moja ambalo daktari hakunitajia. Waliniambia nitakonda, nitachoka, nitakuwa na hasira za karibu. Hakuna aliyeniambia kwamba nitamwonea wivu mtu mzima anayekula chapati.

Mimi ni mtu wa Webuye, Kenya, na kazi yangu ni ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Juba. Mke wangu, Mama Tracy, ana kibanda cha chakula kule sokoni Custom. Tracy mwenyewe yuko nyumbani kwa nyanya yake, anasoma. Sisi wawili tumepanga chumba mtaa wa Buluk. Kibandani Mama Tracy anauza chapati, maharagwe tunayoyaita madondo, sukuma, ugali, chai ya maziwa na kuku wa mchuzi, na huyo kuku ndiye anayeleta watu. Wafanyabiashara wa Kenya na Uganda wanaacha vibanda vilivyo mlangoni mwao, wanavuka matope kuja kwake.

Na sisi Waluhya mnajua tunavyosemwa kuhusu kuku. Wanaotusema hawasingizii. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi. Mgeni hapewi mpaka mwenye nyumba aseme apewe. Mwanamke akimpa mwanamume mwingine firigisi, hata kama ni kwa bahati mbaya, kuna wazee wataitwa. Mama Tracy alijua hivyo tangu kwao, na hata huku Juba, wachinjwe kuku wangapi, firigisi hazikuwa za kuuzwa. Alikuja nazo nyumbani jioni zimefungwa kwenye karatasi ya foili, zingali na joto, na mimi nilizila nimevua viatu. Hiyo ilikuwa saa yangu ya kuitwa mwanamume.

Tumbo lilianza wakati wa kiangazi, wakati lami ya uwanja inapochoma nyayo ndani ya viatu. Nilidhani ni maji. Nikabadilisha maji. Nikadhani ni nyama ya kuchoma ya kule kazini, nikaiacha. Lakini kila nikinywa chai tumbo linaunguruma, halafu linanikata, halafu ni mbio. Kule upande wa mizigo choo kilikuwa na kufuli, na askari aliyeshika ufunguo alinizoea hata akawa ananirushia kabla sijafungua mdomo. Mungu ambariki huyo askari. Kuna siku ningeaibika mbele ya watu na mizigo yao.

Kisha nikaona damu. Hapo mzaha uliisha.

Kliniki ya kwanza nilikaa kwenye benchi la mbao lenye watu wa kila aina, na televisheni iliyokuwa ikionyesha mpira bila sauti. Nimekaa kwenye mabenchi mengi tangu siku ile, na ushauri wangu ni mmoja: kaa pembeni, karibu na mlango, na usione haya kumwomba jirani akushikie nafasi. Walinipa dawa za amiba, nikameza, nikapata nafuu kidogo, ikarudi. Wakanipa dawa za taifodi, nikameza, ikarudi. Mama Tracy akasema, "Baba Tracy, hawa wanakisia. Enda Nairobi wakuangalie ndani."

Nikapanda ndege ambayo mizigo yake niliipakia na wenzangu asubuhi hiyo hiyo. Niliomba kiti cha nyuma karibu na choo, na mhudumu hakuniuliza kwa nini. Nairobi walinipitishia kamera kule msikotaka kusikia, na daktari akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta kitu chekundu kama ulimi wa mtu aliyekula pilipili. Utumbo wangu mpana ulikuwa umevimba, una vidonda vidogo vidogo.

"Huu si wa kupona wiki ijayo," alisema. "Ni wa kuishi nao. Unakuwa kama jirani mkorofi, unajifunza asichokipenda."

Akanipa vidonge. Halafu akaanza kutaja vitu vya kuacha, angalau mpaka nitulie: maziwa, pilipili, kitunguu, madondo, kabichi, mafuta mengi, nyama yenye nyuzi. Na ngano akasema niipunguze tuone. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikaona daktari ananisomea chakula cha kibanda cha mke wangu.

Nilirudi Juba na maisha yangu yakawa wali uliolainishwa na uji. Mama Tracy alinipikia pale pale kibandani, kwenye sufuria ndogo pembeni ya jiko, na mimi nilipita kula nikitoka zamu. Hapo ndipo wivu ulipoanza kunila kuliko ugonjwa.

Msinielewe vibaya, sikuanza na mtu. Nilianza na sahani. Nilikaa na bakuli langu jeupe lisilo na harufu, mbele yangu mtu anakunja chapati, anaichovya kwenye mchuzi, mchuzi unamdondokea kidoleni, anakilamba. Nilimchukia. Simjui jina, hajanikosea, lakini nilitamani lile tumbo lake lingurume kidogo tu aonje. Maembe yalipoiva mji mzima ukawa unanuka utamu, vijana wa kazini wanakula wanatupa kokwa chini, nami nayahesabu makokwa kama mtu aliyeibiwa. Wengine mtaniambia hicho ni kijicho, si wivu. Basi ni kijicho. Wivu ulifuata nyuma yake.

Nilikonda. Suruali zilinishinda, nikawa navaa mkanda na kuukunja ncha. Siku moja nikinawa mikono kazini pete ya ndoa ilichomoka ikaingia kwenye povu, nikaipata kwa shida. Mama Tracy aliponiona nimeitia mfukoni alitoa uzi mwekundu kwenye kikapu chake cha kushona, akauzungusha kwenye pete upande wa ndani, duru kwa duru, mpaka ikanikaa tena. "Usiivue," akasema. "Watu watadhani mimi ni mjane." Huo ulikuwa mzaha wetu wa mwisho kwa muda mrefu.

Sasa nimtaje Mutiso. Mutiso ni Mkenya mwenzetu, mfanyakazi wa benki, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi. Alikuwa anakula kwa Mama Tracy kila mchana, na alikuwa na tumbo ambalo sijapata kuona. Anakula ugali wa watu wawili, anaongeza chapati, anashushia chai ya maziwa, anasimama mwepesi kama aliyekuwa amelala. Na ana mdomo. "Mama Tracy, huu mkono wako ungekuwa Nairobi, mahoteli makubwa yangefunga!" Mama Tracy anacheka, anajifuta jasho kwa ncha ya leso. Mimi niko pembeni na uji.

Siku moja ya mvua za kwanza nilitoka zamu mapema. Nilifika kibandani nimelowa, Mutiso ameketi pale pale, na kwenye sahani yake, juu ya mchuzi, niliiona. Firigisi. Imekatwa katikati, imetiwa chumvi na pilipili. Akaichoma kwa uma akaitia mdomoni huku akiniuliza, "Aah, Baba Tracy! Tumbo linaendeleaje?"

Nilimtazama mke wangu, na yeye akatazama jiko.

Jioni nikamuuliza. "Ile firigisi ni ya nani?"

"Ya kuku."

"Mama Tracy, usinichezee."

"Nani anacheza? Wewe unaweza kuila? Nikuletee uitapike? Nimezitupa miezi, Baba Tracy. Nimempa paka wa jirani. Leo mteja ameomba, nikampa. Ni nyama."

"Si nyama, na unajua."

Alizima taa. Tangu siku ile nilikuwa mgonjwa wa vitu viwili. Nikiwa kazini napakia mizigo ya watu wengine, nawaza saa ya chakula cha mchana imefika, Mutiso amekaa, ananawa mikono. Nilimwonea wivu tumbo lake, nikamwonea wivu kiti chake, na nikamwonea wivu kile kicheko alichokuwa akikitoa kwa mke wangu, ambacho mimi sikukumbuka mara ya mwisho kukisikia nyumbani.

Mtu wa namna hiyo hukamata dawa yoyote atakayotajiwa. Nilikuwa na mwenzangu kazini, Wani, mwenyeji wa Juba, mtu wa moyo safi. Aliona ninavyokimbia na ufunguo, akanivuta pembeni na mfuko wa laloba, yale matunda makavu ya kumung'unya wanayouza barabarani.

"Ya akhu," akaniambia, yaani ndugu yangu, "kula hii. Itaosha tumbo, halafu batna taki itakuwa kweis."

Nilielewa tumbo langu litakuwa zuri. Sikuuliza kuosha ni kuosha kwa namna gani. Laloba ni tamu, ina uchungu kidogo kwa mbali, na mtu aliyenyimwa embe anaweza kuumaliza mfuko mzima bila kujua. Huo uoshaji sitausimulia. Nitasema tu kwamba Wani aliniombea ruhusa, na ndege moja ilichelewa kupakiwa. Baadaye niliambiwa wenyeji wanaitumia kwa mtu aliyefunga choo. Mimi sikuwa nimefunga chochote. Ninyi wenzangu, mkipewa kitu na mtu anayewapenda, mwulizeni kwanza kinafungua au kinafunga. Swali hilo moja lingeniokoa.

Baada ya laloba nilienda kwa Mama Apio. Ni Mganda wa upande wa Gulu, anauza dawa za miti shamba kule ndani Custom, nyuma ya wauza mitumba, ameketi katikati ya magome na mizizi na chupa za rangi ya chai. Vidonge vya daktari sikuviacha, na nawaomba msiviache. Lakini nilikuwa nataka kitu cha ziada, kitu chenye nguvu za kumshinda Mutiso.

Mama Apio alinibonyeza tumbo hapa na pale. Akaniambia nisikae juu ya jiwe lililopigwa jua, nisivuke moto, na mengine ambayo nimeyasahau. Akanipa unga wa gome wa kutia kwenye maji ya vuguvugu. Kisha akainua kidole.

"Lakini dawa yangu iko na sharti. Wewe nakula mwiko moja. Mwiko moja tu! Mwiko ikikuwa mbili, dawa nakufa."

Sasa, mwiko kwa Kiswahili tunaujua kwa namna mbili: ule wa kusongea ugali, na ule wa kukatazwa. Mtu asiye na wivu angeuliza ni upi. Mimi palepale nilipata maana ya tatu. Mwiko ni mwanamke. Mwanamke anayenipikia mimi asiwapikie wengine. Akipikia wengine, dawa inakufa nami nakufa nayo. Nilitoka pale natembea kwenye matope kama nimepewa barua ya serikali.

Nilimweleza Mama Tracy siku hiyo hiyo. Alikuwa anachambua mchele. Aliacha mikono ndani ya ungo.

"Huyo mama alisema nifunge kibanda?"

"Alisema mwiko mmoja. Ukiwa miwili, dawa inakufa."

"Alisema nifunge kibanda, Baba Tracy?"

"Wewe ulitaka aseme vipi tena?"

Alinitazama mkanda uliokunjwa, akatazama pete yenye uzi. Nafikiri angekuwa amekasirika tu angenikatalia. Lakini alikuwa ameogopa pia, maana mwezi ule nilikuwa nimebaki mifupa. Kesho yake alifunga kibanda. Karo ya Tracy ilitoka humo, na mtaji wa miaka yake yote huku ulikuwa humo, lakini alifunga, akaleta sufuria nyumbani, akaziweka chini ya kitanda.

Na mimi nikapona! Hilo ndilo lililoharibu mambo. Siku zilienda, mvua zikikolea, tumbo likaanza kutulia. Damu ikakauka. Nikalala usingizi mmoja mpaka kunakucha. Ufunguo wa choo nikamwachia askari. Kila nilipoona nafuu nilisema moyoni, unaona? Ni Mutiso. Nilikuwa mfalme wa chumba kimoja pale Buluk, ninapikiwa peke yangu, na nilijua kwamba mtu fulani wa benki anazunguka Custom mchana na njaa, anaangalia mlango uliofungwa. Nawaambia ukweli, furaha ile ilinisaidia kama dawa.

Mama Tracy alifagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Wateja walimpigia simu mwanzoni, kisha wakaacha, kisha akasikia kuna mwanamke mwingine amefungua karibu na pale na wanamwita kwa jina lake, "Mama Tracy mpya." Siku aliposikia hivyo aliniwekea uji mbele yangu, akaketi.

"Unajua Mutiso alinipa nini mpaka nikampa firigisi?"

Kijiko kilisimama hewani. Nilikuwa nimelingoja jambo hili na sasa sikulitaka. "Alikupa nini?"

"Alisema chakula ni kitamu."

"Basi?"

"Basi. Wewe tangu utoke Nairobi nimekupikia wali, nimekupikia uji, nimeponda viazi, nimechemsha karoti mpaka mikono inanuka karoti. Umeniambia nini? Umeniambia una maji mengi. Umeniambia una chumvi. Umeniambia unanuka kitunguu. Najua ni ugonjwa. Lakini mimi ni mpishi, Baba Tracy. Kuna mtu mmoja tu Juba hii alikuwa ananikumbusha."

Nilitaka kusema kwamba uji hausifiwi, hata mtoto hausifii. Nashukuru nilimeza maneno hayo pamoja na uji wenyewe.

"Na kesho," akasema, akiinuka, "tunaenda wote kwa huyo Mama Apio. Nataka anieleze mimi, na masikio yangu."

Tulienda. Custom ilikuwa matope matupu, boda boda zinateleza, na Mama Tracy alitangulia mbele ameshika leso yake juu. Tulimkuta Mama Apio anagawa mizizi. Mke wangu alimsalimia kwa adabu zote, akachuchumaa, akasema, "Mama, mzee wangu ameniambia dawa yako inataka nisipikie watu wengine. Nimefunga kazi yangu. Nakuomba unieleze, ni mpaka lini?"

Mama Apio alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Kazi gani unafunga?"

"Kibanda cha chakula. Wewe ulisema mwiko mmoja."

"Mwiko!" Mama Apio akanyoosha mkono akakamata kipande cha mti, akaanza kukorogea hewani kwa nguvu. "Mwiko! Ile ya kukoroga! Mimi nasema mwiko, si bibi! Wewe nachukua mwiko ya kuku, iko na pilipili, iko na kitunguu, unapiga ndani ya sufuria ya mgonjwa, choko choko choko. Dawa itafanya nini? Mimi nasema mgonjwa iko na mwiko yake, peke yake. Nani nasema habari ya bibi?"

Muuza mitumba wa jirani aligeuka kusikiliza. Mimi nilikuwa natafuta mlango wa choo kwa sababu ambazo safari hii si za tumbo.

Mama Tracy alicheka. Alianza polepole, mkono mdomoni, halafu akakaa chini kabisa kwenye gunia la mtu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama Apio akacheka kwa sababu yeye anacheka. Nikajaribu kucheka mimi pia. Mama Tracy akaacha ghafla.

"Wewe usicheke," akasema. "Wewe hujapewa ruhusa."

Alinitangulia mpaka kwa muuza vyombo. Hapo alichagua mwiko mpya, mdogo, wa mti mweupe, akaugonga kwenye kiganja chake mara mbili akinitazama, na sikujua kama anaupima au ananitishia. Alilipa, tukarudi.

Ni kweli alikuwa na mwiko mmoja kibandani. Ulikoroga kuku, ukakoroga madondo, ukafutwa kwenye ukingo wa sufuria, ukaingia kwangu. Hakuwa anafanya ubaya. Ndivyo jiko linavyokwenda watu kumi na tano wakiita kwa pamoja. Nilipomweleza daktari kwa simu alicheka, akasema huenda ni pilipili ya mwiko, huenda ni vidonge vilikuwa vimekolea, huenda ni kwamba nilikuwa nakula kwa utulivu nyumbani. Hakuweza kuapa. Gome la Mama Apio mimi nina mashaka nalo, maana lilikuwa na ladha ya udongo na halikunifanya lolote nililolihisi. Lakini mwiko wangu sikuuacha, na ninyi mnaopikiwa jiko moja na watu wazima wenye afya, nawashauri muwe na wenu.

Kibanda kilifunguliwa tena. Kabla ya kufungua, Mama Tracy alitoa ule uzi mwekundu uliobaki na kuuzungusha kwenye mpini wa mwiko wangu ili asiuchanganye na mwingine. Wateja walirudi kidogo kidogo, wengine wakiona aibu. "Mama Tracy mpya" ana wateja wake mpaka leo, na hiyo ni hasara niliyoileta mimi; mke wangu hunikumbusha inapofaa. Mutiso alirudi siku ya kwanza kabisa, shati limepigwa pasi.

Na mimi nilijifunza kusifu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko dawa. Siku ya kwanza nilisema, "Uji wa leo ni mtamu sana," na Mama Tracy akaniuliza kama nina homa. Siku nyingine nilisema wali umekaa vizuri, nikamwona anaufunika kwa taratibu. Viazi vya kuponda vyenye chumvi kidogo na tone la mafuta ya simsim nilivisifu bila kudanganya, kwa sababu ni vitamu kweli, na sijui kwa nini nilivila miezi ile yote bila kulisema.

Msidhani wivu uliisha. Watu wanaoandika habari za kupona hupenda kusema kwamba walipona na roho pia. Mimi roho yangu ilibaki vile vile. Mutiso akiongeza chapati ya pili bado namtazama ikishuka. Akimsifu mke wangu, mimi namsifu haraka kabla hajamaliza, na sasa imekuwa kama mashindano. Siku moja tuliusifu mchuzi kwa zamu mpaka Mama Tracy akatufukuza wote wawili.

Mvua zilipokaribia kuisha daktari alinipa ruhusa ya kujaribu vyakula kimoja kimoja, kidogo kidogo, na kungoja. Nilianza na ndizi. Kisha yai. Kisha samaki wa mtoni aliyechemshwa, na tumbo likanyamaza. Pete ilianza kunibana, nikafungua duru chache za uzi.

Juzi nilitoka zamu mchana nikapita Custom. Kibanda kimejaa. Mutiso yuko mahali pake, anangoja. Mama Tracy hakuniuliza nitakula nini. Aliniashiria kwa kidevu nikae, akachukua sufuria yangu ndogo, akaingiza mwiko wenye uzi mwekundu, akaniwekea wali mbele yangu. Juu ya wali kulikuwa na kitu kilichochemshwa kwa chumvi tupu mpaka kikalainika, kisha kikakatwa vipande vyembamba sana, kama vya mtu asiye na meno. Niliinamisha uso nikakinusa. Sikuamini.

"Daktari alisema nyama kidogo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Tafuna pole pole. Kikikataa, tutajua."

Nilitia kipande kimoja mdomoni. Upande wa pili wa meza Mutiso alikuwa amepokea sahani yake, anaigeuza geuza na uma, anaangalia chini ya paja, anaangalia chini ya bawa.

"Mama Tracy," akaita, "na firigisi leo iko wapi?"

Mke wangu hakugeuka. Alikuwa anafuta mwiko wa kuku kwenye ukingo wa sufuria ya kuku.

"Firigisi ina mwenyewe," akasema.

Nami nilitafuna pole pole, kama nilivyoagizwa, nikimwangalia Mutiso.